Uyoga wa kula: Tuupande nyumbani, tusiukisie porini



Ndugu msomaji, kila zinapoanza mvua za masika na zile za vuli, watoto hurudi nyumbani na vikapu vya uyoga walioukuta vichuguuni, chini ya miti na kwenye nyasi za uwanja wa shule. Mama huutazama, huuosha, huutia nazi, na familia nzima hukaa kwenye sinia moja. Mara nyingi chakula hicho hupita salama. Lakini si mara zote, na pale kinapokosea huwa hakichagui mmoja, kwa sababu sinia lilikuwa moja.

Kwa mnasaba huo, leo tutajifunza namna ya kupanda uyoga wetu wenyewe, ndani ya nyumba na uani. Aliyeupanda anaujua jina lake na chakula kilichoulisha. Aliyeuokota anakisia. Na uhai wa watoto wetu ni amana, haifai kuuendesha kwa kukisia.

Kwa nini tusiokote tu?

Wako wazee wanaoujua uyoga wa kwao, hasa ule mkubwa wa kichuguuni, na elimu yao ni ya kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba elimu hiyo haihamishiki kirahisi. Mtu aliyekulia Kigoma akaja kuishi Tanga au Dar es Salaam hukutana na uyoga unaofanana sana na ule wa kwao, kumbe ni mwingine kabisa.

Mfano ni ule uyoga mweupe mkubwa wenye kofia kama mwavuli, wenye magamba ya kahawia juu na pete shinani, unaoota kwenye majani ya bustani na viwanja. Ukiwa mchanga unapendeza kuliwa, lakini ukikomaa zile kunjo nyembamba zilizo chini ya kofia hugeuka rangi ya kijani. Anayeula huanza kutapika na kuharisha vibaya baada ya saa chache.

Hatari zaidi ni baadhi ya uyoga wa jamii inayoitwa kitaalamu Amanita. Sumu yake ina hila. Mtu hula jioni na kulala vizuri. Baada ya saa 6 hadi 24 huanza tumbo, kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu ya siku moja hivi, na jamaa husema, "Alhamdulillah, amepona." Kumbe muda huo sumu inaharibu ini. Anaporudiwa na ugonjwa akiwa na macho ya manjano, mara nyingi ini limekwisha kuharibika vibaya.

Tuondoe pia imani zifuatazo, ambazo zimeua watu:

1. Kwamba uyoga wenye sumu hugeuza rangi ya kitunguu, wali au sarafu ya fedha unapopikwa. Si kweli.

2. Kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama kwa binadamu. Si kweli. Mdudu anaweza kula kinachomuua mtu.

3. Kwamba kuchemsha sana na kumwaga maji kunaondoa sumu. Sumu hii ya ini haiondoki kwa moto wala kwa kukaushwa juani.

4. Kwamba uyoga mweupe na wenye harufu nzuri hauna madhara. Ule unaoua sana waweza kuwa mweupe na mzuri wa kutazama.

Ikitokea mtu amekula uyoga usiojulikana akaanza kuumwa, asisubiri. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na wote waliokula naye hata kama bado hawajisikii vibaya. Chukueni na uyoga uliobaki, au maganda yake, ili daktari aone. Maziwa na maji ya chumvi si tiba ya sumu hii, na kuvitegemea ni kupoteza muda.

Tupande uyoga gani?

Kwanza tufahamu kwamba ule uyoga wa kichuguuni hatuwezi kuupanda nyumbani. Huo huishi kwa kutegemea mchwa, na mchwa ndio wanaoulea ndani ya kichuguu chao.

Unaofaa kwa anayeanza ni uyoga wa mamama. Huu una kofia pana mfano wa sikio, rangi nyeupe, kijivu au ya waridi, na huota kwa mafungu. Chakula chake ni mabaki makavu ya shambani: mabua ya mpunga, mabua ya ngano, majani makavu ya migomba, magunzi ya mahindi yaliyopondwa na maganda ya pamba. Hata mabaki ya mkonge, ambayo Tanga na Morogoro yamekuwa yakitupwa kwa marundo, yanaufaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyajaribu na uyoga wa mamama ukaota.

Jambo jingine la kuwaridhisha wasomaji wetu ni kwamba mamama hauhitaji samadi. Ule uyoga mdogo wa mviringo, uitwao vifungo, ambao huuzwa kwenye makopo, ndio unaopandwa kwenye mboji iliyochanganywa na mbolea ya wanyama. Kwa hiyo mwenye wasiwasi juu ya jambo hilo, mamama humtoa katika shaka.

Siri ya kazi hii ni usafi

Ndugu msomaji, uyoga hauna mizizi wala majani. Ni utando mweupe unaotambaa ndani ya mabua na kuyala, kisha hutoa tunda, nalo ndilo tunalolipika. Lakini mabua hayo hayo yanapendwa pia na ukungu wa aina nyingine. Kupanda uyoga ni mashindano: ukiupa utando wako nafasi ya kutangulia, utashinda, ukiuacha uchafu utangulie, utavuna ukungu.

Mwandishi wa makala hii alijifunza hilo kwa hasara. Mara ya kwanza alichemsha mabua vizuri, kisha akayatandaza uani yapoe, mahali ambapo kuku hupekua. Mikono nayo aliiosha kwa maji matupu. Baada ya siku 8, ndoo 4 kati ya 6 zilikuwa na ukungu wa kijani kibichi. Mbegu zilikuwa nzuri na mabua yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni sabuni na sakafu safi.

Mahitaji

Kwa familia inayojaribu mara ya kwanza, haya yanatosha:

- Mabua makavu ya mpunga kilo 5, ya msimu wa karibuni, yenye rangi ya dhahabu. Yaliyonyeshewa mvua na kuwa meusi usiyachukue.

- Mbegu za uyoga wa mamama nusu kilo. Hizi ni punje za mtama au ngano zilizokwisha kuvaliwa na utando mweupe. Muulize ofisa ugani wa kilimo au chuo cha kilimo kilicho karibu nawe zinakopatikana. Mbegu nzuri ni nyeupe na zina harufu ya uyoga. Zenye doa la kijani au jeusi, au harufu ya uchachu, zirudishe.

- Ndoo za plastiki za lita 10 zenye vifuniko, 3 au 4. Zisiwe zilizowahi kutiwa rangi, dawa za mimea au mafuta ya mashine. Wengi hutumia mifuko ya nailoni, lakini ndoo huoshwa na kutumika tena miaka mingi. Tukumbuke pia kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 2019.

- Pipa au sufuria kubwa, kiroba kisafi, sabuni na spiriti.

Toboa matundu kama 10 ubavuni mwa kila ndoo, kila moja upana wa kidole gumba, na matundu madogo machache chini ili maji yasituame.

Hatua kwa hatua

1. Katakata mabua kwa urefu wa vidole viwili hadi vitatu. Yakiwa mafupi hushikana vizuri na utando hutambaa upesi.

2. Yatie kwenye kiroba, yazamishe katika maji ya moto, uyakandamize kwa jiwe safi. Maji yawe ya moto sana, yanayotoa mvuke na vipovu vidogo chini ya pipa, lakini yasiyotokota kwa nguvu. Kwa kipimo ni nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Yaache humo kwa saa moja na nusu, ukichochea moto kidogo kidogo. Watoto wakae mbali na pipa hilo.

3. Toa kiroba, kitundike kichuruzike maji hadi mabua yapoe kabisa. Mahali pawe ndani, pasafi, pasipo na upepo wa vumbi. Mbegu ikikutana na mabua ya moto hufa.

4. Pima maji kwa mkono. Ukikamua konzi moja kwa nguvu, yatoke matone mawili matatu tu. Yakitiririka, subiri. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa.

5. Funga mlango na madirisha. Nawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, futa meza na ndoo kwa spiriti, na uiache spiriti ikauke kabla ya kuwasha moto wowote karibu. Mwenye mafua au kikohozi amwachie mwingine kazi hii.

6. Weka tabaka la mabua kiasi cha upana wa kiganja, nyunyizia mbegu, hasa pembeni karibu na matundu. Endelea hivyo hadi ndoo ijae, ukishindilia kiasi. Tabaka la juu liwe la mbegu nyingi kidogo. Kilo 5 za mabua makavu zikilowa huwa kama kilo 15, na nusu kilo ya mbegu inatosha kuenea zote.

7. Funika, bandika vipande vya kitambaa safi kwenye matundu, kisha weka ndoo mahali penye giza na ubaridi. Usifungue kila siku kuchungulia. Kila ukifungua unakaribisha ukungu.

Baada ya wiki 2 hadi 4 mabua yote yatakuwa yamevaa utando mweupe. Hapo uyoga uko tayari kutoa matunda.

Kuotesha ndani ya nyumba

Chumba cha stoo au pembe ya varanda iliyozibwa inafaa. Ondoa vitambaa kwenye matundu, ruhusu mwanga kiasi cha mtu kuweza kusoma gazeti lakini si jua la moja kwa moja, na pitisha hewa. Nyunyizia maji safi ya kunywa hewani, kutani na sakafuni mara 2 au 3 kwa siku, zaidi wakati wa kiangazi. Usimwagie ndoo maji kama unayemwagilia mchicha.

Baada ya siku chache vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti vitachomoza kwenye matundu, na baada ya siku 3 hadi 5 vitakuwa uyoga kamili. Uyoga wenyewe utakueleza hali yake. Ukiwa na mashina marefu na vikofia vidogo, unakosa hewa. Kingo zikipasuka na kuwa za manjano, unakosa unyevu.

Hapa kuna onyo la kiafya. Uyoga wa mamama uliokomaa hutoa vumbi jeupe jepesi sana. Vumbi hilo likivutwa kila siku katika chumba kilichofungwa huleta kikohozi, homa na kubanwa na kifua. Kwa hiyo usipande uyoga katika chumba cha kulala. Mwenye pumu asifanye kazi ya kuvuna, na wengine wafunike pua na mdomo wanapoingia. Uvune mapema, kingo za kofia zikiwa bado zimeinama chini, na vumbi litapungua sana.

Kuotesha nje

Asiye na chumba anaweza kujenga kibanda kidogo cha makuti au nyasi chini ya mwembe au katikati ya migomba. Kuta ziwe za makuti au viroba, sakafu ya mchanga unaolowanishwa, na mlango uwe na wavu wa kuzuia nzi. Ndoo ziinuliwe juu ya matofali zisiguse udongo. Kuku na mbuzi wasifike.

Zingatia hali ya hewa. Uyoga wa mamama haupendi joto la kupita nyuzi 30. Walioko Lushoto, Njombe, Iringa na miteremko ya Kilimanjaro wana nafasi nzuri takriban mwaka mzima. Sisi wa Pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye matumaini, na Januari hadi Machi ndiyo migumu zaidi.

Usipulize dawa ya mbu wala ya mende karibu na ndoo, ndani au nje. Uyoga hunyonya kilicho hewani na majini, nawe utakula dawa hiyo.

Kanuni moja isiyovunjwa

Katika ndoo yako unaweza kuota uyoga ambao hukuupanda. Mara kwa mara huwa ni uyoga mwembamba wa kijivu ambao baada ya siku moja huyeyuka na kuwa mweusi kama wino. Usiule, wala usimpe jirani. Unaliwa ule tu uliopanda mbegu yake na unaoufahamu umbo lake. Hofu hii ni kubwa zaidi kwa wanaopanda nje, ambako upepo huleta mbegu za kila aina. Mtu akisema, "Umeota kwenye ndoo yetu, basi ni wetu," amerudi kule kule kwenye kukisia tulikokukimbia.

Aidha, ndoo yenye ukungu wa kijani, mweusi au wa chungwa usiikwangue. Itoe mara moja, fukia mabua mbali na kibanda, osha ndoo kwa sabuni na maji ya moto, na ianike juani.

Kuvuna, kuhifadhi na kupika

Shika fungu lote kwa chini, lizungushe taratibu hadi ling'oke. Usiache kishina ndani maana kitaoza. Ndoo itatoa tena baada ya wiki 1 au 2, na kwa kawaida mavuno huwa matatu. Kilo 5 za mabua makavu zikitunzwa vizuri hutoa kilo 2 na nusu hadi 4 za uyoga mbichi kwa muda wa miezi 2 hivi. Mabua yaliyokwisha ni mbolea nzuri kwa bustani ya mboga.

Uyoga mbichi usiufunge ndani ya nailoni, utatoka maji na kuoza. Ufunge kwa karatasi au kitambaa na uweke mahali pa baridi. Kwenye jokofu hukaa siku 3 hadi 5. Unaotaka kuuweka muda mrefu uchambue vipande, uanike juani juu ya ungo safi ukiwa umefunikwa chandarua, hadi uvunjike kama kaukau. Kilo 10 za mbichi hubaki kama kilo 1.

Uyoga upikwe uive, usiliwe mbichi. Anayeula kwa mara ya kwanza, hata huu wa mamama, ale kidogo kwanza, kwani wapo ambao miili yao haipatani nao.

Faida zake, bila kuzidisha

Uyoga una protini, nyuzinyuzi, madini ya potasiamu na vitamini za kundi B. Ukianikwa juani hutengeneza pia vitamini D. Hata hivyo tuseme ukweli: uyoga mbichi ni maji kwa sehemu 9 katika 10, na gramu 100 zake zina protini gramu 3 hivi. Kwa hiyo ni mboga bora, lakini usiondoe maharage, dagaa na mayai kwenye sahani ya mtoto ukidhani uyoga umetosha. Na anayeuziwa unga wa uyoga kwa madai kuwa unaponya kisukari, saratani au UKIMWI, asiache dawa za hospitali.

Wengi wetu pia tumesikia Hadithi ya Said bin Zayd (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliitaja kam-a miongoni mwa neema za mann na akataja manufaa ya maji yake kwa jicho. Tufahamu kuwa kam-a ni aina mahususi inayoota chini ya mchanga katika nchi za jangwa. Sio mamama wala uyoga wa porini kwetu. Wapo wanaokamulia watoto majimaji ya uyoga wowote machoni. Hilo ni hatari kwa jicho, na haifai kulinasibisha na Sunna.

Ndugu msomaji, ndoo 3, mabua ambayo yangechomwa moto, na nusu kilo ya mbegu: kwa hayo familia yako itakula uyoga mnaoujua. Anza na kidogo, osha mikono vizuri, na usikate tamaa ndoo ya kwanza ikiharibika. Na masika yajayo, mtoto akija na kikapu kutoka porini, usimpige wala usimcheke. Mpeleke stoo, mwonyeshe uyoga wa nyumbani, kisha mkafukie pamoja kile alichookota.